Mtani Aliyefukuzwa Makaburini

Mtoni, Temeke
8 Februari 1976

Mume wangu Jamali,

Mie mkeo niko hai, ni magoti tu yananisema, na magoti yangu unayajua. Hapa nyumbani wote salama. Baba yako kaleta salamu kutoka Bukoba, analalamika hujamwandikia. Nikamjibu kwamba hata mie uliyenioa hujaniandikia, sembuse yeye aliyekuzaa tu.

Anayeandika haya ni Mwalimu Benedicta, mpangaji wangu wa chumba cha uani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Akimaliza ananisomea. Nikikuta neno ambalo si langu, chai hapati.

Juzi tumejipanga duka la ushirika tangu alfajiri kwa ajili ya sukari. Zamu yangu ilipofika sukari imekwisha, wakanipa viberiti. Nimerudi na viberiti na hasira.

Sasa jambo langu. Umeondoka baada ya Idi ya Kuchinja mpaka leo kimya. Kimbiji si Ulaya. Ni pantoni halafu barabara mbaya, basi. Nassibu muuza samaki anakwenda huko na kurudi na baiskeli yake, na karatasi haina uzito. Watu wa Mtoni wananiuliza mjukuu wangu kapewa kazi gani. Nasema anasimamia maji. Wanauliza maji yanasimamiwaje. Hapo nanyamaza, na mie sijazoea kunyamaza. Nieleze hiyo kazi ni kitu gani, nani anakupikia, na watu wa huko unakaa nao vipi. Hilo la mwisho ndilo ninalolitaka zaidi.

Ni mie mkeo wa kwanza, na kama umeoa wa pili nitamng'oa nywele,
Mauwa binti Fakihi

(Mimi Benedicta naomba radhi kwa mstari wa mwisho. Amesema nisipouandika nihame.)


Kimbiji
27 Februari 1976

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimepata barua yako kwa mkono wa Nassibu, ikiwa na harufu ya samaki lakini inasomeka. Mimi ni mzima. Ninapikiwa na mama mmoja jirani wa ofisi, sina shida ya chakula. Baba nitamwandikia wiki hii. Mwalimu Benedicta msalimie sana.

Umeuliza kazi yangu. Mimi ni msimamizi wa mradi. Serikali imetoa mabomba, saruji na pampu, wanakijiji wanatoa nguvu zao. Kazi yangu ni kuona kwamba vyote hivyo vinakutana kwa wakati wake. Kisima kirefu kimeshachimbwa. Sasa unachimbwa mtaro kutoka kisimani hadi kijijini, na kila kaya imepewa kipande chake. Nimepanga ratiba na kuibandika mlangoni pa ofisi. Asubuhi napuliza filimbi watu waanze, jioni napuliza waache.

Maji yanatakiwa yatoke kabla Julai haijaisha. Tukishindwa, Bwana Ansbert, mkubwa wangu huko mjini, amesema wazi kwamba mabomba yatachukuliwa yapelekwe kijiji kingine kilicho tayari. Hapa wataendelea na visima vyao vya chumvi. Nimeyaonja hayo maji, Bibi. Nimewaona na watoto wanaoyanywa. Kwa hiyo sina nafasi ya kucheza.

Kiongozi wa wachimbaji anaitwa Shomari. Ni Mnyamwezi aliyezaliwa hapa hapa, baba yake alikuja zamani kwa kazi ya minazi. Ana nguvu na watu wanamfuata. Kasoro yake ni mzaha. Siku ya kwanza alinivua kofia mbele ya watu, akaivaa, akaanza kutembea kama mimi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nilimwita pembeni nikamwambia kazini hakuna utani. Kesho yake akaivaa tena. Chuoni tulifundishwa kwamba msimamizi akizoeleka kazi inalegea, na mimi sitaki kulegea.

Mjukuu wako,
Jamali


Mtoni
15 Machi 1976

Mume wangu,

Barua imefika na imesomwa mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya majirani waliochelewa. Sasa wote wanajua unapuliza filimbi. Mama Eufrazia wa nyumba ya pili ameuliza kama nyinyi huko ni mpira mnacheza au maji mnachimba. Nimemwambia afunge mdomo, lakini ndani yangu nilicheka.

Mie mzima. Mbuzi wetu mweusi kazaa. Mvua bado, joto linatukaanga.

Hilo la kofia, Jamali. Yeye Mnyamwezi, wewe Mzaramo. Kofia yako kichwani mwake si dharau, ni salamu ya mtani. Au huko Bukoba ulikolelewa hawakukwambia wewe ni nani? Ungemvua na yeye shati yakaisha.

Nikwambie kitu. Wiki iliyopita nilikuwa mkubwa wa jiko msibani kwa jirani. Uwanja mzima wanawake, hakuna niliyemwajiri na hakuna ninayeweza kumfukuza. Ukimuudhi mmoja anajitanda kanga anakwenda zake, na wenzake nyuma. Kulikuwa na mmoja kakaa na kisu mkononi hamenyi hata kiazi. Nikamuuliza mbona kisu chake kizito, kina mimba ya miezi mingapi? Akacheka, wenzake wakacheka, gunia likaisha. Ningempulizia filimbi angenimwagia mchuzi.

Sikufundishi kazi. Mabomba siyajui. Watu nawajua. Misibani unakwenda? Mtu akifiwa hapo kijijini unakwenda kukaa, au unatuma salamu?

Mkeo,
Mauwa

(Bibi amenikataza kuandika kwamba barua yako analala nayo chini ya mto. Kwa hiyo sikuandika. Benedicta.)


Kimbiji
4 Aprili 1976

Bibi,

Shikamoo. Natumaini mvua hazijaingia ndani ya nyumba. Yale mabati ya upande wa choo yalihitaji misumari, nilisahau kuyagonga kabla sijaondoka. Nisamehe.

Misibani nakwenda. Juzi tumemzika mzee mmoja wa hapa, Mzee Kibwana, mtu mwema, kipande chake cha mtaro kilikuwa karibu kabisa na kisima. Ilitokea fujo kidogo makaburini lakini nimeiweka sawa.

Kazi inaendelea. Nimebadilisha kiongozi wa wachimbaji. Mvua zimeanza na watu wamekuwa wazito kidogo.

Jamali


Mtoni
21 Aprili 1976

Jamali,

Leo sikuiti mume wangu.

Mabati yamegongwa. Balozi wetu wa nyumba kumi alipanda mwenyewe, nusura aanguke na nyundo, tukasema Chama kimeponea chupuchupu. Mvua inapiga mpaka tunaongea kwa kupiga kelele. Wote wazima. Vitoto vya mbuzi vizima.

Barua yako fupi kuliko risiti. Mtu anayeniandikia habari za misumari na habari za mtu aliyekufa anazipitia mbio, huyo ana kitu amekikalia. Fujo gani? Fujo makaburini kwa Wazaramo si neno dogo. Na huyo kiongozi uliyembadilisha ni yule wa kofia au mwingine?

Nassibu alikuja wiki iliyopita. Alikaa barazani nikampa chai hakuimaliza. Sikumuuliza kitu. Nakuuliza wewe. Kaa chini uniandikie kama mwanamume.

Mauwa


Mtoni
26 Mei 1976

Jamali,

Barabara ya kwenu imekatika, Nassibu kageuzwa njiani na baiskeli begani. Amerudi na barua yangu ya Mei mosi imelowa wino wote. Siiandiki tena. Ilikuwa na matusi matupu na nilikuwa nimeyapanga vizuri.

Hii anaibeba dereva wa lori la mbao akipata njia. Ina neno moja tu. Kama umeharibu, sema. Mie si mkubwa wako wa mjini. Mie nilikuogesha ulipozaliwa.

Bibi yako


Kimbiji
12 Juni 1976

Bibi yangu,

Shikamoo tena shikamoo. Nimepata barua zako za Aprili na Mei siku moja, ya Aprili ilikwama njiani kwa mvua. Nimezisoma nje, nikazisoma tena ndani nimefunga mlango. Mimi ni mzima wa mwili. Natumaini magoti hayakukusumbua sana na baridi ya mvua.

Nimekudanganya. Kazi haiendelei. Imesimama tangu siku ile ya mazishi. Asubuhi napuliza filimbi na hakuna anayekuja. Si kwamba wanagoma, hakuna aliyesema neno baya. Mmoja anaumwa mgongo, mwingine amekwenda shamba, mwingine ana mgeni. Nikipita wananipa shikamoo na kiti. Mtaro umejaa maji ya mvua na vyura.

Ilikuwa hivi. Tumefika makaburini na jeneza, watu kimya, wengine wanalia. Kumbe Shomari ametangulia. Tunasogea, tunamkuta amelala chali ndani ya kaburi, mikono kifuani, anakoroma. Nikamwambia atoke. Akafungua jicho moja akasema kaburi hili ni lake, kalipenda, Wazaramo watafute pengine pa kumtupa mtu wao, au watoe chochote. Bibi, mimi nilidhani amelewa. Niliona uchungu kwa ajili ya wafiwa. Nikamwambia mbele ya wote: "Toka humo. Huna adabu, na kuanzia leo huna kazi." Akakaa. Akanitazama. Akatazama watu. Akatoka mwenyewe, akajipangusa udongo, akaenda zake. Tukazika. Mimi nilirudi nikijiona nimelinda heshima ya marehemu.

Ni mwezi uliopita ndipo Mwenyekiti wa kijiji aliponieleza kwamba Shomari alikuwa pale kama mtani wa marehemu, na kwamba mjane wa Mzee Kibwana hajanisamehe. Utani wa maneno naujua, Bibi, lakini wa kaburini sikuujua. Hata arobaini ilipita hakuna mtani aliyekanyaga pale. Nikaona nitengeneze. Nikavaa shati safi, nikawachukua wazee watatu, tukaenda kwa Shomari. Nikamwomba radhi kwa maneno niliyoyapanga usiku kucha. Nikamwambia namrudishia uongozi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanipa mkeka na maji ya kunywa. Akasema: "Yamekwisha, Bwana Msimamizi. Ahsante kwa kuja." Hajawahi kuniita hivyo. Nikapuliza filimbi kesho yake. Hakuja mtu.

Bwana Ansbert ameleta ujumbe. Katikati ya Julai analeta lori. Akikuta mtaro ulivyo, linarudi na mabomba.

Sijui nilichokosea katika kuomba radhi. Niambie.

Jamali


Mtoni
19 Juni 1976

Mume wangu, mjinga wangu,

Kwanza nimefurahi. Umesema. Benedicta alipomaliza kusoma nilimwambia arudie pale uliposema umenidanganya, nikapumua kama niliyetua ndoo.

Mie mzima, watoto wa Mama Eufrazia wazima, sukari hakuna.

Sasa sikiliza. Babu yako alipokufa wewe ulikuwa Bukoba mdogo, hujui. Mie nilikaa ndani na eda yangu, sikulia. Watu wanalia, mie nimekauka kama gome. Hawa wakaniletea uji, wale wakaniletea maji, sioni ladha. Walisema nimechanganyikiwa. Basi akaingia mtani wetu mmoja wa Kinyamwezi, fundi cherehani wa Tandika. Kaingia bila hodi, kavaa kanzu ya babu yako na kofia yake, anakohoa kile kikohozi chake cha asubuhi. Kaenda moja kwa moja kwenye kiti chake, kakaa, kanyoosha mguu mbovu vile vile. Akasema, "Binti Fakihi, mbona chai ya leo haina tangawizi? Nimekufa siku mbili tu ushanisahau?" Sauti ile ile, Jamali. Nilimrushia kiatu. Halafu nikacheka. Nikacheka mbele ya wafiwa wote, na kicheko kikageuka kilio, na nilipolia ndipo nikajua bado niko duniani. Jioni ile nilikula.

Hicho ndicho ulichomnyang'anya mjane wa Kibwana. Wewe uliona mlevi ndani ya kaburi. Wenzio waliona mtu anayesema huyu marehemu ni wa thamani, hatumtoi bure. Ukamwondoa kwa amri ya kazi, mzee wa watu akafukiwa kama kisiki. Na mjane amekaa hadi leo anasubiri mtu aje amchekeshe hajaja, kwa kuwa wewe umesema hana adabu.

Halafu ukaenda kuomba radhi na wazee watatu. Mungu wangu. Anayeombwa radhi kwa mkeka ni mgeni. Mtani unamlipizia. Wewe ulipopiga magoti na shati lako safi ulimwambia kwamba wewe si mtani wake, wewe ni serikali. Ndiyo maana akakupa maji. Maji ya kunywa hupewa mpita njia.

Hili nalo ni kosa langu kidogo, nilidhani unajua. Sasa fanya hivi, na usifanye kwa ratiba. Nenda kwake mchana watu wakiwepo. Usipige hodi. Chukua kuku wake, mbele ya macho yake, uondoke naye. Akikuuliza, mwambie wewe mpagazi, mababu zako walileta mizigo yetu pwani, wewe umekuja kulala kwenye makaburi yetu bila kodi. Usiwe na huruma. Ukitabasamu kwa woga ataona. Mtukane kwa moyo wote kama mie ninavyokutukana.

Akikufukuza, umepona. Akikupa kiti, rudi nyumbani, mabomba yaende.

Mkeo anayekuombea na kukucheka kwa pamoja,
Mauwa

(Mwalimu hapa. Ameniuliza kama sisi Wahaya tuna watani. Nikasema tunao. Akasema basi kwa nini hamkumfundisha mtoto. Nimekimbilia kufunga bahasha. Benedicta.)


Kimbiji
5 Julai 1976

Mke wangu,

Shikamoo. Nimeandika hivyo kwa aibu kidogo, lakini wewe ndiye uliyeanza kuniita mume. Mimi ni mzima, ila viganja vimechubuka, utaona sababu.

Nilikwenda Ijumaa ya tarehe 25 Juni baada ya swala, watu wamejaa barazani kwa Shomari wanacheza bao. Sikupiga hodi. Nikaona jogoo mwekundu anaparua pembeni ya jiko, nikamkamata, nikamweka kwapani. Nikasema yale ya mpagazi, yote, kama ulivyoniagiza, na nikaongeza kwamba kaburi alilolikoromea lilikuwa safi kuliko kitanda chake. Kete za bao zilisimama. Nikageuka, nikaanza kuondoka na jogoo.

Nimefika katikati ya uwanja nikasikia sauti yake: "We Mzaramo mwizi, hata kuiba hujui. Huyo jogoo ni wa Mwenyekiti."

Bibi, ilikuwa kweli. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amekaa pale na kete mkononi. Watu walicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu nije hapa. Mmoja alianguka kwenye benchi. Mimi nilitaka kumrudisha jogoo, Shomari akapiga kelele kwamba nikimrudisha ananifungulia kesi. Akanifukuza mbio mpaka ofisini kwangu. Alipofika hakunipiga. Alichukua kiti changu, kofia yangu na filimbi yangu, akaniambia hukumu yangu ni hii: yeye ni msimamizi, mimi ni mchimbaji, na kipande changu ni kile cha Mzee Kibwana kilichojaa vyura.

Kesho yake akapuliza filimbi yeye, kwa fujo, kama mtu anayeita mbwa. Walikuja wote. Nadhani walikuja kuniona mimi nikichimba. Wakaja na majembe, maana walikuwa wanajua watakaa muda mrefu.

Lakini jambo ninalotaka kukueleza ni la siku iliyofuata. Nilikuwa mtaroni, tope limefika magotini. Shomari akatoweka. Akarudi amevaa koti kuukuu la Mzee Kibwana na fimbo yake, sijui alilipataje, nadhani mtoto wa marehemu alimpa. Anatembea kwa kuegemea upande mmoja, vile mzee alivyokuwa anatembea. Akasimama juu ya mtaro wangu. Akakohoa, akasema kwa sauti ya yule mzee: "Kijana wa serikali, mimi nimekufa nimeacha mtaro umenyooka. Huu unaoupinda ni wa kupitisha maji au nyoka?"

Mjane alikuwa mlangoni kwake, hatua chache tu kutoka hapo. Tangu msiba sijamwona akitoka nje. Alishika mlango. Halafu akasema, "Kibwana, na wewe hukuwahi kuchimba mtaro ulionyooka maisha yako yote." Akacheka. Alicheka mpaka akakaa kizingitini na kujifunika uso na kanga, na wanawake wakamkimbilia.

Shomari alivua koti taratibu. Na yeye alikuwa analia. Akanishukia mtaroni na kunisukuma. Akasema, "Chimba, mwizi wa kuku."

Sijapuliza filimbi tangu siku hiyo. Anapuliza yeye. Mtaro umebaki kidogo. Nakuandikia nikiwa nimechoka kwa namna nzuri.

Mumeo,
Jamali


Mtoni
13 Julai 1976

Mume wangu mwizi wa kuku wa viongozi,

Barua imesomwa barazani mbele ya watu mpaka Benedicta akakaukiwa koo. Pale pa jogoo ilibidi aanze upya, maana balozi wetu hakusikia vizuri kwa kicheko chake mwenyewe. Pale pa mjane Mama Eufrazia alijifanya anafuta jasho.

Mie nimelala jana usiku kucha, sikuamka hata kwenda uani. Benedicta anasema nilikoroma kama Shomari kaburini.

Jogoo umelipa? Kama hujalipa usilipe. Mwenyekiti akikudai, mwambie ni kodi ya mtani.

Usiandike mpaka maji yatoke. Sitaki habari za nusu.

Mauwa


Kimbiji
2 Agosti 1976

Mke wangu,

Shikamoo. Maji yametoka.

Yametoka siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi. Lori la Bwana Ansbert lilipokuja katikati ya Julai lilikuta mabomba yameshalazwa ardhini, dereva akarudi na mzigo wa nazi tulizompa. Bwana Ansbert akaja mwenyewe siku ya ufunguzi na landrova na wageni, amevaa suti ya Chama. Tulimpangia viti, tulimpangia hotuba. Alipoinuka kwenda kufungua bomba, akamkuta Shomari amelala chini yake, kinywa wazi, anasema bomba hili ni lake, Wazaramo na serikali yao watoe kitu au warudi kwenye chumvi.

Bwana Ansbert alikasirika. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Msimamizi, mwondoe huyu mlevi."

Nilikumbuka sauti hiyo, Bibi. Ilikuwa yangu.

Nikamwambia, "Mzee, huyu si mlevi. Huyu ni mtani wetu. Bila yeye haya maji yangekuwa yanapita kijiji kingine." Nikavua filimbi shingoni mwa Shomari alikokuwa ameivaa, nikamtupia ndani ya shati lake, nikamwambia achukue hiyo, hatuna kingine, na kesho arudi kwao Tabora kwa miguu. Akapuliza hapo hapo alipolala. Akafungua bomba mwenyewe, maji yakammwagikia usoni. Watu walipiga vigelegele mpaka Bwana Ansbert naye akacheka, akavua viatu akakanyaga maji.

Ndoo ya kwanza tulimpa mjane. Alionja, akatema, akaonja tena. Akasema hayana ladha. Ni kweli, Bibi. Hayana ladha kabisa.

Mwezi ujao nakuja Mtoni kwa likizo. Nitakugongea na mabati ya upande wa jikoni.

Mumeo,
Jamali


Mtoni
14 Agosti 1976

Mume wangu,

Wote wazima. Sukari imekuja, nimekuwekea.

Sasa nikwambie nilichokuficha, maana na wewe umeniambia cha kwako. Nassibu alinieleza habari ya makaburini siku ile ile aliyoacha chai yangu. Nilimkaba, akasema yote. Nilijua tangu Aprili. Ningeweza kukwambia cha kufanya barua ile ile. Lakini nilitaka useme mwenyewe kwanza, na wewe ukakaa kimya, na mvua ikakata njia, na mie mwanamke mzima nikawa nalala macho wazi nikifikiri mjukuu wangu atakuwa bwana mkubwa asiyeambiwa kitu na mtu. Nilikuwa nachemsha chai sinywi. Benedicta alidhani ni malaria.

Yamepita. Nimekunywa chai jana vikombe viwili.

Ukija, njoo na Shomari. Nataka kumwona huyo mpagazi kwa macho. Mwambie nyumba yangu haina kitanda cha bure, atalala uani na mbuzi. Na ajifunze sauti yangu mapema, na namna ninavyoinuka kwenye kigoda huku nikiyatukana magoti. Siku yangu ikifika avae kanga zangu, aingie bila hodi, awaulize wafiwa nani kaweka sukari nyingi namna hii kwenye chai.

Na wewe ndiye utakayeanza kucheka.

Mkeo,
Mauwa binti Fakihi

(Bibi ametaka nisome barua hii mara tatu, na mara zote amecheka mwishoni. Mimi sikuweza. Msalimie Shomari. Benedicta.)